Tawi la Chini ya Sinki

Mama yangu hana moyo wa kuona kitu kikiteseka, hata kama kitu chenyewe ni mmea. Nalijua hilo tangu utotoni, na bado niliufungia mmea wangu wa mwisho kwenye kabati la nyumbani kwake. Ujinga wangu mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Ndani ya jani mna vijichembe vya kijani vinavyopika chakula kwa mwanga, kloroplasti, navyo vina vinasaba vyao. Ukivisoma, unajua mmea ni ndugu wa nani. Mwalimu wangu alishikilia kwamba ule ni wa ukoo wa mlimani. Mimi nilisema ni wa bondeni, na shahada yangu yote ilisimama hapo. Mimea mingine ya aina yake machimbo ya kokoto yalikuwa yameshaifuta. Kabla ya kusoma vinasaba hivyo, majani sharti yakae gizani siku mbili wanga upungue, la sivyo unaambulia uji mtupu. Zamu yangu ya maabara ilikuwa Ijumaa saa nne. Ikinipita, mpaka mwakani.

Ijumaa asubuhi nikaukuta mmea dirishani, unaota jua.

"Mama! Nani kautoa?"

"Mimi, tangu jana. Umeufungia kama mwizi, hata maji hujaupa!"

Nikakaa sakafuni nikalia, mtu mzima na miwani yangu. Mama akafuta meza iliyokuwa safi. Kisha akainama chini ya sinki, akafungua kijikabati, akatoa kitambaa kilicholowa maji.

"Usinigombeze, mwanangu. Jumatano ile ulipouleta, nilikuwa nafagia, fagio likavunja tawi. Niliogopa kukwambia, nikalifunga humu nikalificha."

Majani manne, mabichi, siku mbili gizani. Nikambusu mama kwenye paji la uso, nikatoka mbio na ndala za bafuni.

Wiki tatu baadaye matokeo yalitoka: mmea wangu na wa bondeni ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu alikodolea macho karatasi, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema. "Haya, umenishinda."

Jioni nilimwonyesha mama jedwali la tasnifu. Penye aliyetunza sampuli niliandika jina lake kamili, na penye mahali, chini ya sinki.

Alisoma mara mbili, kidole juu ya jina.

"Na kuvunja umeandika?"

"Hapana, mama."

"Andika," alisema huku akijifuta macho kwa kanga. "Bila kuvunja ungepata wapi?"