Mgonjwa Ambaye Utafiti Ungemkataa

Mzee alikuwa kinyozi, na wateja walimwita Redio kwa sababu ulimi wake haukujua likizo. Uliingia kunyolewa ndevu, ukatoka na habari za mtaa mzima, pamoja na ushauri wa ndoa ambao hukuuomba. Kisha kiharusi kikampiga asubuhi moja akipiga mswaki. Mkono ulirudi polepole. Maneno yaligoma. Lililobaki ni "basi". Njaa ilikuwa basi, hasira basi, hata binti yake akawa basi.

Na binti huyo, kati ya watu wote, alikuwa mtafiti wa chuo kikuu aliyebobea katika kuwarudishia usemi watu waliopigwa na kiharusi. Alikuwa na njia yake: mgonjwa anaonyeshwa picha, anasubiriwa kimya, akikwama anapewa silabi ya kwanza. Wenzake walimpongeza sana. Sasa ukoo mzima ulimkodolea macho.

"Si ndiyo kazi yako, dada?" mdogo wake alimuuliza.

Chumba cha mazoezi cha kliniki kilikuwa chini ya ngazi. Viatu viligonga juu ya vichwa vyao, na mlango ulifunguliwa kila mara na mtu anayetafuta maabara. Tabibu wa usemi, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alimpisha binti akae mbele ya baba yake. Kadi ya kwanza: birika. Mzee akaitazama, akamtazama binti. "Basi." Ya pili: ngamia. Jasho likamtoka. Mara akazifagia kadi zote chini, akajifunika uso kwa viganja, akalia.

Binti aliziokota moja moja. "Njia hii inafanya kazi," alisema kama anayejitetea mahakamani. "Niliipima."

"Naamini, niliusoma utafiti wako," tabibu alijibu. "Lakini wanaolia hivi uliwachukua?"

Wanaolia, wanaochoka upesi, wanaokataa, wote binti aliwaondoa mapema ili matokeo yawe safi. Baba yake mzazi asingevuka mlango wa utafiti wake. Akajiuliza: je, miaka yote hiyo alikuwa akiwaponya waliokuwa karibu kupona?

"Mimi nami nina langu," tabibu akaongeza. "Mgonjwa akikwama, huruma inanishinda, namtajia neno. Kule kusubiri kwako sikuwezi. Tuchanganye yako na yangu."

Wakakubaliana kuyahamishia mazoezi dukani kwa mzee, vitu halisi vishike nafasi ya picha.

Siku ya kwanza huko binti alisimama kando ya kioo, roho mkononi. Je, mzee akianguka? Akimkata mtu? Akiaibika mbele ya waliomjua akiwa mfalme wa soga? Mdogo wake, ambaye sasa ndiye aliyeendesha duka, alikuwa tayari kumsemea kila neno, ikabidi tabibu amkanyage mguu. Mteja, fundi bomba wa siku nyingi, akakaa. Mzee akamfunga kitambaa shingoni, akamnyooshea kijana wake kiganja apewe kifaa.

"Basi," akasema.

Tabibu akafungua mdomo. Binti akamshika mkono. Mishipa ya shingo ilimsimama mzee. Binti naye hakupumua. Kusubiri alikokuhubiri ukumbini kulikuwa kunamchoma kama kaa la moto.

"Ki..." alimnong'oneza mwishowe.

"Ki... kijiko!"

Alitaka kitana. Mzee akalisikia kosa lake, akaduwaa, midomo ikaanza kumcheza. Binti akajiandaa kwa kilio.

"Redio," fundi bomba akasema, "nimekuja kunyolewa, sikuja kukorogwa."

Mzee akaangua kicheko, na katikati yake neno likamponyoka: "Kitana! Kitana, bwana!"

Muujiza haukuwapo. Kesho yake neno kitana lilipotea tena, na soga za zamani hazikurudi kamwe. Alipata maneno ya kumtosha kumnyoa mtu na kumuuliza hali ya watoto wake.

Binti aliandaa utafiti mwingine pamoja na tabibu, safari hii bila kumfungia mtu mlango. Mwenzake mmoja alimwonya kwamba matokeo yangevurugika.

"Najua," alijibu.

Wagonjwa wa kwanza walipoanza kuingia, wengine wakishikwa mkono, mmoja akifoka, binti alikuwa na hofu zaidi kuliko wakati wowote, maana hakujua kabisa njia yake ingemfaa nani.