Marahaba ya Andrew

Loyce Ngolo aliyapa Makao ya Wazee Kivuli Chema alama tisini na nne kwa mia, na hakuna aliyemshika mkono. Hilo liwekwe wazi mapema, maana baadaye watu walitafuta wa kumsingizia. Hakuhongwa hata soda. Alifika Misugusugu na kalamu yake na fomu ya kurasa kumi na mbili, akapima upana wa milango, akaonja maharage, akabonyeza magodoro, akafungua kabati la dawa, akanusa vyoo. Vyoo vilinukia dawa. Akaweka alama za vema mpaka vidole vikamuuma, akasaini, na shirika la kutetea wazee lililomwajiri likayatangaza makao yale kuwa bora kuliko yote liliyokagua mwaka ule.

Miezi mitatu baadaye baba yake mwenyewe, Mzee Ngolo, aliteleza zizini kule Mzenga, Kisarawe, akavunjika nyonga.

Mama alikuwa ameshatangulia. Silas, kaka yake Loyce, alikuwa porini na ng'ombe wiki baada ya wiki akifuata majani, na mkewe alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja. Loyce alipanga chumba kimoja Mbwawa na kazi yake ilikuwa ya kuzunguka. Walikaa kikao cha ukoo, na baba mdogo Simoni akawa mkali tangu mwanzo.

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake," alisema. "Tumetoka Shinyanga na mifugo kwa miguu, hatukumwacha mzee hata mmoja njiani. Leo tumpeleke Ngolo kwa watu wa mshahara?"

Loyce alifungua mkoba akatoa taarifa yake. "Baba mdogo, nimekagua mwenyewe. Tisini na nne kwa mia."

Aliirudia ile tisini na nne mara tatu siku hiyo, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Simoni, ambaye shule aliiona kwa mbali, aliutazama muhuri wa taarifa ile akaacha kubisha. Mzee Ngolo ndiye aliyemaliza mjadala. "Kama Loyce amesema ni pazuri, ni pazuri."

Akapelekwa. Kwa wiki sita Loyce alikwenda kumwona kila Jumapili, siku ya wageni, akamkuta ameogeshwa, kucha zimekatwa, shati limepigwa pasi. Alikuwa ameongezeka hata mwili. Maneno ndiyo yalikuwa yamepungua, lakini Loyce alijiambia ni maumivu ya nyonga, na binadamu akitaka kujidanganya hakosi dawa.

Kilichomfikisha pale siku ya Jumanne ni maziwa mgando. Silas alikuwa amempa dumu la lita tatu ampelekee mzee, na maziwa hayasubiri Jumapili. Mlinzi alimfahamu, akamfungulia. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, saa ya chai. Loyce alipita upande wa jikoni, akatokea nyuma ya baraza, akasimama kidogo kubadili mkono uliobeba dumu.

Wazee ishirini na mmoja walikuwa wameketi kwenye benchi refu, kila mmoja na kikombe chake tupu cha plastiki. Mbele yao alisimama Andrew, mhudumu, kijana wa aproni ya kijani na kisikilizio kimoja sikioni, birika mkononi. Wa kwanza kwenye benchi alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyestaafu ualimu, wote walimwita Mwalimu Wilhelmina. Akainua kikombe.

"Shikamoo," alisema yule bibi.

"Marahaba," alisema Andrew, akamimina.

Loyce alidhani hakusikia vizuri. Akasogea hatua moja. Mzee wa pili akainua kikombe, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamiminiwa. Wa tatu vivyo hivyo. Wa nne akaamkia akiwa ameinamisha kichwa. Sasa Loyce akaomba moyoni uwe ni utani. Nchi hii ina utani wa kila namna, pengine walikuwa wanacheza. Akazitazama nyuso benchi zima akitafuta hata mmoja anayecheka. Hakumwona.

Zamu ya baba yake ikafika. Mzee Ngolo, ambaye mwenyekiti wa kijiji cha Mzenga hushuka kwenye pikipiki ndipo amwamkie, aliweka magongo yake pembeni akainua kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo."

"Babu Ngolo, sijasikia."

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Sukari vijiko viwili, si ndiyo?"

Akamwekea sukari vijiko viwili, akamkorogea. Hapo kwenye sukari ndipo hasira ilipompanda Loyce mpaka masikio yakaziba. Angekuwa amemkuta anapiga mtu angejua la kufanya, angepiga kelele, angeita polisi. Lakini kijana alikuwa anakoroga chai kwa upole kabisa, kama mfugaji anavyompa pumba ng'ombe aliyekubali kukamuliwa.

Loyce aliliweka dumu chini, akaenda akalishika birika.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Dada Loyce? Leo si Jumapili."

"Nimekuuliza miaka."

"Ishirini na nne."

"Huyu ana themanini na mmoja. Anakuamkia kwa lipi?"

Andrew alitoa kisikilizio sikioni. Hakuonekana mtu mwenye hatia, na hilo lilimuudhi Loyce zaidi. "Sijamlazimisha mtu, dada. Waulize. Wanapenda wenyewe."

"Na asiyependa?"

Aliyejibu ni Mwalimu Wilhelmina, taratibu, kama anaeleza somo ubaoni.

"Asiyependa anapewa chai, mwanangu. Anapewa ya mwisho, imeshapoa. Anaogeshwa wa mwisho, maji ya moto yamekwisha. Akiita apelekwe chooni, anasikiwa baadaye. Kupigwa hatupigwi. Hapa hakuna anayepigwa."

Loyce alimgeukia akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

Yule bibi hakuitikia papo hapo. Kwanza alimtazama Andrew. Alikuwa mwanamke aliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini na sita, akamkodolea macho kijana wa aproni kuona kama anaruhusiwa kusema marahaba. Loyce akainuka, akaenda ofisini kwa msimamizi bila kubisha hodi.

Bi Anjela, msimamizi wa Kivuli Chema, alikuwa mama wa kanisa mwenye sauti laini. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza. Nyuma yake ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ilining'inia ile tisini na nne yenye saini ya Loyce.

"Dada yangu, usitie chumvi," alisema. "Andrew ni Mzaramo wa Maneromango, mzee wako Msukuma. Hao si watani?"

"Mtani akinichokoza namchokoza. Baba yangu amemjibu Andrew nini? Na Mwalimu Wilhelmina ni Mhaya, naye anataniwa?"

"Basi tuseme ni utaratibu. Wazee ni wengi, wahudumu ni wanne, na huyu Andrew ndiye pekee asiyekimbia. Akiwazoesha nidhamu kidogo, kazi inakwenda. Umewahi kukuta mzee hapa na kidonda cha kulala? Dawa zimekosekana? Chakula kimepungua?"

"Hapana."

"Haya, hili unalolisema liko kipengele gani kwenye fomu yako?"

Halikuwapo. Bi Anjela akafungua droo, akatoa nakala ya taarifa, akaisukuma mezani ikiwa imefunguliwa ukurasa wa tisa, penye maoni ya mkaguzi. Mwandiko ulikuwa wa Loyce mwenyewe. *Wazee ni wachangamfu na wana nidhamu. Husalimia hata kabla ya kusalimiwa.*

Akakumbuka. Siku ile ya ukaguzi, alipoingia tu mlangoni na kitambulisho chake shingoni, Mwalimu Wilhelmina alikuwa amemwambia shikamoo. Bibi wa miaka themanini kumwamkia msichana! Na yeye alifanya nini? Alicheka. Akasema, "Bibi, unanizeesha," akageuka akapima mlango. Ushahidi wote alikuwa amepewa mkononi dakika ya kwanza, akauandikia sifa. Mkaguzi mzima, mtoto wa mama yake, aliyefundishwa kuamkia kabla ya kufundishwa kula. Loyce alijichukia pale kitini kuliko alivyomchukia Andrew, na chuki yake kwa Andrew haikuwa ndogo.

Alimkuta baba yake chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda. Godoro zuri, shuka safi. Mzee hakumtazama.

"Uliona."

"Niliona, baba."

"Leo si siku yako ya kuja."

"Tunaondoka sasa hivi. Nimeshaita bajaji."

"Tutaondoka." Alivuta magongo yake. "Silas na Simoni utawaambia nini?"

"Nilichokiona."

"Waambie chakula kibaya. Waambie kuna kunguni."

"Hapa hakuna kunguni, baba."

"Watie. Si wewe ndiye mwenye kalamu?" Sasa alimtazama, na macho yalikuwa mekundu. "Nimevuka mito na ng'ombe mia mbili nikiwa mdogo kuliko huyo kijana. Fisi nimemfukuza kwa fimbo. Halafu nimempa mtoto wa watu shikamoo ili chai isipoe. Hilo libaki ndani ya kuta hizi, Loyce. Likitoka, umenizika."

Loyce alimwahidi. Ahadi ile aliitoa kwa moyo wake wote, na ilidumu siku mbili.

Alimfikisha Mzenga, akasema nyonga imepata nafuu na mzee amekumbuka nyumbani. Mke wa Silas akatandika kitanda, wakaajiri mchungaji wa ng'ombe ili Silas awepo. Jambo ambalo kikao kilikuwa kimekubali kwamba haliwezekani liliwezekana kwa mchana mmoja, na hilo nalo lilimtia Loyce uchungu. Kisha akarudi Mbwawa, akakaa na karatasi.

Alijaribu kuandika bila majina. *Baadhi ya wazee hulazimika kumwamkia mhudumu.* Mkuu wake wa kazi, mtu makini aitwaye Ponsiano, akaisoma akairudisha.

"Bila jina huu ni umbea," alisema. "Wao wana tisini na nne yenye saini yako. Wewe una 'baadhi'. Nani alifanyiwa, lini, na nani aliona?"

Loyce akahesabu benchi lile kichwani, mzee kwa mzee. Kila jina ambalo angeliandika, mwenye jina bado alikuwa analala Kivuli Chema, na kesho yake asubuhi angeinua kikombe mbele ya Andrew huyohuyo. Angemwandika Mwalimu Wilhelmina, nani angempeleka chooni? Aliyekuwa ameketi kwenye benchi lile na hakuwa tena mikononi mwa wale watu alikuwa mmoja tu, baba yake.

Akawaza kunguni. Akawaza kweli, muda mrefu, kalamu mkononi, jinsi ambavyo mistari miwili tu ya uongo ingemstiri baba yake. Bi Anjela angeita wapuliza dawa, angepiga picha, angepata asilimia mia. Ishirini wangebaki kuamkia.

Akaandika. *Mzee Ngolo Masumbuko, miaka themanini na mmoja, mfugaji wa Mzenga, alilazimika kumwamkia mhudumu wa miaka ishirini na nne ndipo apate chai ya moto. Nimeona kwa macho yangu. Mimi ni binti yake. Mkaguzi wa kwanza alikosea, na mkaguzi huyo ni mimi.* Kila neno lilimkata, lakini hakufuta hata moja.

Taarifa ilipotoka, mambo yalikwenda mbio. Ndugu wa wale wazee, ambao kwa mwaka mzima hawakupiga hata simu, walijaa Misugusugu kwa siku moja, wamevimba kwa hasira, kila mmoja akitaka kujua mkaguzi gani mjinga aliipa nyumba ile alama za juu. Loyce alisimama mbele yao akasema ni yeye. Bi Anjela aliondolewa. Andrew alifukuzwa, na wanasema amepata kazi kwenye makao mengine, ana barua nzuri ya utambulisho, maana alikuwa hakosi kazini. Fremu ilishushwa ukutani. Wahudumu wapya wawili waliletwa, na Mwalimu Wilhelmina siku hizi anaamkiwa, ingawa bado hushtuka.

Mzenga habari ilifika kabla ya wiki kuisha. Mnadani, kijana mmoja mlevi alimwuliza Silas kama kwao ni wakubwa ndio huamkia wadogo, na Silas akampiga fimbo, wakaamuliwa. Jioni ile Mzee Ngolo alisomewa taarifa yote, neno kwa neno, kwa amri yake. Aliomba apelekwe kulala.

Tangu siku hiyo hamwitikii Loyce. Anawaitikia wajukuu, anamwitikia mchungaji, anamwitikia hata mnunuzi wa maziwa anayemwibia vipimo. Loyce huenda Mzenga kila Jumamosi, humwogesha miguu, humkata kucha, humfulia. "Shikamoo, baba," husema akifika. Mzee hutazama zizi. Simoni alijaribu kumkemea kaka yake, akaambiwa anyamaze, mambo ya watu wawili hayana wa tatu. Njiani kurudi Loyce hulia, kisha hukasirika, na hajui amkasirikie nani aliyebaki.

Jumamosi iliyopita alimkuta nje, kwenye kiti chake, kikombe tupu mkononi. Birika lilikuwa ndiyo kwanza limetoka jikoni.

"Shikamoo, baba."

Mzee Ngolo alimtazama usoni, sawasawa, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tisa. Hakusema neno. Akanyoosha mkono, akamwinulia kikombe.

Loyce akammiminia chai, ya moto, mpaka juu.