Kigae cha Kidoti

Ijumaa jioni, kabla ya kufunika cherehani yake, Bibi alichukua kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye mashati ya sare, akakikata mraba, akakipinda pande zote nne na kukipitisha mashine. Hakumwambia mtu ni cha nini. Alikikunja akakitia mkobani, chini ya dawa za presha za mumewe, na usiku huo akalala usingizi ambao alikuwa hajaulala siku nyingi.

Kilikuwa cha kupangusia kigae.

Mtaani wanamwita Mama Sare, kwa kuwa watoto wa shule tatu wamevaa mkono wake, na sasa anawashonea watoto wa hao watoto. Mumewe wanamwita Fundi. Fundi alikuwa mweka vigae. Miaka kumi na tisa ya ujana wake iliishia kwenye jiji kubwa la pwani, amepiga magoti kwenye sakafu za watu, nyumbani anakuja mara mbili kwa mwaka kama mgeni. Siku hizi magoti yenyewe yamekwisha. Akitaka kuinuka kitini lazima ahesabu kwanza: moja, mbili, tatu, haya.

Walizaa watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ambaye ndiye aliyewaandalia safari ya pwani wikiendi hii. Wa pili alikuwa msichana, ana alama nyeusi shavuni kana kwamba mtu alimgusa kwa kalamu, wakamwita Kidoti. Kidoti alikufa kwa homa ya siku tatu, akiwa na miaka minne tu. Fundi alipelekewa habari kazini. Hakuja kuzika. Alikuja baada ya miezi miwili, kaburi limeshaota majani.

Siku hiyo Bibi hakumpa hata maji. Alikuwa ameshafunga mzigo wake, ameamua kurudi kwao, anangoja tu amtazame mwanamume huyo usoni mara moja kisha ashike njia. Ndipo Fundi, amesimama mlangoni na kofia mkononi, akasema maneno ambayo Bibi aliyabeba miaka thelathini na moja. Alisema msimamizi alimnyima ruhusa, hoteli kubwa ilikuwa karibu kufunguliwa na ukumbi haujaisha. Alisema vigae vya ukumbi ule vina jani moja moja, na ncha za majani yote zinatazama baharini, ndivyo mchoro ulivyotaka.

"Saa mliyokuwa mnamfukia," alisema, "nilichukua kigae kimoja nikakigeuza. Safu ya tatu kutoka nguzo ya kushoto. Majani yote yanatazama bahari. La Kidoti peke yake linatazama nyumbani."

Mwingine angeyasikia maneno hayo yakampita. Lakini Bibi ni mshonaji. Anajua kitambaa cha maua kina juu na chini, na ukikata kipande kimoja kichwa chini miguu juu, nguo nzima inapiga kelele. Aliliona lile jani kama liko mbele yake. Akafungua mzigo, akarudisha nguo kabatini moja moja, na kila alipoweka moja alikuwa anamsamehe kidogo, mpaka mzigo ukaisha. Na tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kukanyaga pedeli, hugeuza shingo kidogo upande wa pwani, kama mtu anayeitikia salamu.

Kwa hiyo mwanawe alipopata gari na kusema, "Mama, wikiendi hii nawapeleka pwani mkatembee, chagua unachotaka kuona," hakufikiri mara mbili.

"Kigae cha dada yako."

"Na bahari je?"

"Bahari ikiwa njiani nitaiona."

Fundi alitafuta kila kisingizio. Joto. Presha. Magoti. Jiji lenyewe sasa limeharibika, halina lolote la maana. Mwanawe akamcheka. "Baba, mwenyeji wetu ni wewe! Mtu anaogopa kwenda kwake?" Mzee akaufyata.

Waliondoka watano garini: mwana kwenye usukani, Fundi pembeni yake, na nyuma Bibi, mkwe wake, na mjukuu wa miaka tisa ambaye wanamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupoi. Habari za kigae Kasuku alikuwa anazijua kuliko hata masomo. Alishawaambia darasa zima kwamba Jumatatu atawaletea picha.

Jumamosi walitembea mpaka soli zikapata moto. Kila Bibi alipouliza hoteli iko upande gani, Fundi alikuwa na jambo.

"Iko mbali. Twende kwanza bandarini, tuone meli zikipakua."

Wakaenda bandarini, wakatazama makontena yananing'inia hewani. Bibi akauliza tena.

"Sasa hivi kuna foleni upande ule. Twende jumba la makumbusho."

Wakaenda jumba la makumbusho. Kasuku akawasomea kila kibao, hata kile cha kuelekeza choo. Kisha mzee akataka waone mnara wa taa, wa kuongozea meli. Ngazi mia na kumi na nne. Mtu wa kuhesabu moja mbili tatu ndipo atoke kitini akazipanda zote, jasho linamtiririka, na alipofika chini akasema turudi juu, picha hazikutoka vizuri.

Mkwe akamnong'oneza Bibi, "Mama, baba kapata wapi magoti mapya?"

"Furaha, mwanangu," Bibi akajibu, naye akacheka. "Ameuona ujana wake." Moyoni akamwonea huruma hata. Alidhani mzee anaogopa kulia mbele ya watoto.

Jioni, wanakula chipsi na samaki kwenye viti vya plastiki karibu na ufukwe, Bibi akavua viatu, akaonyesha miguu iliyovimba. "Leo nimewapa ninyi. Kesho asubuhi hotelini, tena kabla ya chai. La sivyo nitafunga kanga yangu niende kwa miguu, nitauliza njia."

Fundi alikuwa anachambua mwiba wa samaki.

Jumapili asubuhi, kwenye gesti walikolala, Fundi alinyoa ndevu kwa nusu saa nzima, ndevu ambazo hana. Bibi alikaa kitandani na mkoba mapajani, amevaa gauni alilojishonea kwa safari hii, la rangi ya bluu.

Mlangoni mwa hoteli mlinzi aliwauliza wanakwenda kwa nani. Kabla baba yake hajafungua mdomo, Kasuku akadakia, "Babu yangu ndiye aliyejenga hapa!"

"Kumbe! Karibu mwenye hoteli," mlinzi akasema, akampigia Fundi saluti. Kila mtu akacheka isipokuwa yeye.

Bibi akaingia. Alitaka kuvua viatu, mkwe akamshika mkono: "Hapa hawavui, mama." Sakafu ilikuwa pana na inang'aa, na majani yalikuwepo. Jani moja kila kigae, la kijani kibichi, ncha zote zimeelekea kwenye vioo vikubwa ambako bahari inaonekana. Vile vile, kama alivyoambiwa. Machozi yakamjia palepale. Hajanidanganya, alijisemea, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba amedanganywa.

Akaenda nguzo ya kushoto. Akahesabu safu: moja, mbili, ya tatu. Akaifuata polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono ndani ya mkoba umeshika kile kitambaa. Akarudi nayo kutoka mwisho hadi mwanzo. Jicho la mshonaji halihitaji muda mrefu. Majani yote yalikuwa yanatazama bahari.

Akageuka. Fundi alikuwa bado yuko karibu na mlango, anatazama taa za darini.

"Mzee, njoo unionyeshe."

"Wamebadilisha," Fundi akasema, haraka kuliko kawaida yake. "Hawa watu hubadilisha sakafu kila baada ya miaka michache. Nilijua tu. Ndiyo maana nikawaambia jiji hili..."

"Hapana, babu," dada wa mapokezi akaingilia, kwa upole, akidhani anasaidia. "Sakafu hii haijaguswa tangu hoteli ifunguliwe. Ndiyo sifa yetu. Kigae hata kikipata ufa, meneja anasema kiachwe. Tazameni kile pale."

Na kweli, palikuwa na kigae chenye ufa. Nacho kilikuwa kinatazama bahari.

"Basi kipo!" mwana akasema kwa furaha. "Baba umesahau nguzo tu. Miaka thelathini si mchezo."

"Labda ya kulia," Fundi akasema.

Akaenda nguzo ya kulia, akashika ukingo wa kochi, akahesabu moja mbili tatu, na akapiga magoti. Mbele ya wageni wenye masanduku ya magurudumu, mzee wa miaka sabini akaanza kutambaa anapapasa kigae kimoja baada ya kingine. Kasuku akaona ni mchezo, akajitupa chini naye. "Babu, wewe huko, mimi huku! Atakayekiona kwanza anapewa soda!"

Wageni wakasimama kutazama. Mmoja akatoa simu.

"Mama, mwambie aache," mkwe akasema. "Anaumia."

Bibi angeweza kumzuia. Hakumzuia. Alikuwa anatazama mikono yake. Mtu aliyeangusha sindano sakafuni, jicho hutangulia na mkono hufuata. Hilo analijua kuliko kitu chochote duniani. Mikono ya Fundi ilikuwa inakwenda, macho yamesimama mahali pamoja. Hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa anangoja kuambiwa basi.

Akamwacha apapase safu nzima. Kisha nyingine. Ndipo akasema, bila kupaza sauti, "Inuka. Hakipo, na hakijawahi kuwepo."

"Bado safu sita, Bibi!" Kasuku akalalamika.

"Mwache babu yako ainuke."

Mwana alimnyanyua baba yake kwapani. Alitaka kusema kitu, akautazama uso wa mama yake, akawachukua mkewe na mtoto kwenda kuagiza chai. Wazee wawili wakatoka nje, wakakaa kwenye ngazi.

"Msimamizi alikunyima ruhusa?" Bibi akauliza.

Fundi alisugua magoti. "Aliniruhusu. Palepale. Aliniambia nenda kazike mwanao, kazi itakungoja."

"Ikawaje?"

"Nilikwenda stendi. Nikakata tiketi, nikapanda, nikakaa kwenye kiti. Dereva akawasha gari. Nikashuka."

"Ukashuka."

"Nilijua nikifika nitamkuta amekufa. Nikasema nitapanda la kesho. Nilikaa stendi siku tatu, nasema la kesho, la kesho. Sikuweza, mama watoto. Haki ya nani sikuweza."

"Na mimi je?" Bibi akasema. "Mimi nani aliniuliza kama naweza?"

Mlinzi wa mlangoni akasogea mbali kidogo, kwa adabu.

"Na kigae?"

"Nilikisema tu, pale mlangoni. Niliona mzigo wako. Nikaona nikinyamaza, unaondoka. Niliporudi kazini nilitaka nikigeuze kweli kimoja, hata kwa kuiba. Saruji ilikuwa imeshakauka."

Bibi akacheka, kicheko kifupi kikavu, mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Ungesema hivyo hivyo. Kwamba uliogopa. Ningekuchukia mwaka, hata miwili, yakaisha. Mimi nimesalimiana na sakafu ya hoteli miaka thelathini na moja, baba wee. Kila asubuhi."

Ndipo Fundi akalia, mabega yanatikisika, makamasi yanamtoka kama mtoto, anajipapasa mifuko yote na hana leso. Bibi akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa cheupe.

"Shika. Kilikuwa cha kupangusia kigae."

Akakipokea, akautazama ule mshono wa pande nne, akazidi kulia ndani yake. "Nisamehe," akasema.

"Msamaha nilishautoa. Niliutoa wote siku ile pale kabatini, nguo moja moja. Ulikuwa mmoja tu, ukauchukua kwa kigae." Akafunga zipu ya mkoba. "Sina mwingine."

Wakaanza safari ya kurudi. Mwana aliwasha redio, akaizima. Fundi aligeuza uso dirishani, kitambaa amekishika mkononi hajui akiweke wapi, na hakuna aliyemwomba akirudishe. Kasuku peke yake ndiye alikuwa hajapoa.

"Sasa Bibi, kesho darasani nitawaambia nini? Nilishawaahidi."

Bibi aliitazama barabara mpaka wakapita mzani wa malori.

"Waambie uliona bahari," akasema.

Jumatatu aliamka kama siku zote, akafunua cherehani, akatunga uzi. Kabla ya kukanyaga pedeli shingo yake ikaanza kugeuka yenyewe, kwa mazoea. Akaishika kwa kiganja, akairudisha mbele. Kisha akachukua kola ya kwanza.