Masazo ya Meza ya Bwana

Sinia la mkate lilipofika safu ya tatu, Shemasi Ndirangu aliona kwamba mikono ya mkwewe imekwisha kunyooka. Ilikuwa mikono mikavu yenye mishipa iliyotutumka, kiganja cha kulia kimelazwa juu ya cha kushoto, vyote vikitazama juu, kama walivyofunzwa watu wa Rabai tangu enzi ya babu zao. Haikuomba mikono ile. Ilingoja, kama mtu angojaye haki yake nyumbani kwake.

Ndirangu akasita. Kanisani palikuwa kimya, mabati yakilia kwa jua la Malindi. Kisha akafanya alilopaswa kulifanya: akalipitisha sinia juu ya viganja vile, taratibu, kana kwamba apitisha taa juu ya kichwa cha aliyelala, akampa mwanamke wa kiti cha pili. Mikono ya mzee ikabaki pale pale kitambo. Halafu ikakunjika, ikarudi magotini.

Mzee Simeon Dena alikuwa baba yake Jedida, mke wa Ndirangu. Alihamia kwao Barani, mtaa wa Malindi, baada ya kufiwa na mkewe, miguu imemvimba na macho yameingia ukungu. Huko Rabai alikuwa msomaji katika kanisa la Anglikana kwa muda wa umri mzima wa mtu. Alibatizwa angali kitoto cha mgongoni, kwa maji ya kiganja yaliyomiminwa utosini, na baba yake alibatizwa vivyo hivyo kabla yake.

Wabaptisti wa Barani hawakuuhesabu ubatizo huo. Kwao mtu huamini kwanza kwa akili yake, akakiri kwa kinywa chake, ndipo akazamishwa mwili wote majini. Na asiyezamishwa haji mezani, hata awe mcha Mungu wa namna gani. Si Wabaptisti wote washikao hivyo. Wako waifunguao meza kwa kila aaminiye. Lakini kila kanisa lao hujiamulia mambo yake, na kanisa la Barani lilikaa kikao mwaka uliotangulia, likajadili, wanachama wakainua mikono. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote siku hiyo alikuwa Ndirangu, mtu wa Nyeri, fundi wa friji za mahoteli. Yeye naye alimwagiwa maji utotoni huko bara, kisha ukubwani akayaona kuwa si kitu, akazamishwa baharini hapa Malindi, akatoka akilia kwa furaha. "Mlango ni mmoja," alisema kikaoni. "Anayeupenda ushirika wetu na aingie kwa mlango. Tusimtobolee mtu ukuta." Wakampigia makofi. Wakati huo mkwewe alikuwa angali Rabai.

Mkate ule aliuoka Jedida. Kila ilipokaribia Jumapili ya kwanza ya mwezi alikanda unga wa ngano kwa maji na chumvi kidogo, bila hamira, akauchoma juu ya kaango. Na zabibu kavu akazirowesha, akazichemsha, akazichuja, kwa kuwa kileo hakigusi meza yao. Baba yake hukaa kwenye kiti cha kamba akiisikiliza harufu ya mkate wa bintiye. Na mkate huo ndio uliompita usoni.

Ibada ilipokwisha Jedida alirudi na kapu la masazo, akayamwaga uani kama ilivyokuwa desturi yake. Kuku wakaja mbio.

"We mama Thuku!" Bi Hafidha, jirani yao mwenye asili ya Lamu, alikuwa ameegemea ua wa makuti. "Neema ya Mungu hiyo waitupa chini?"

"Ni mkate tu, Bi Hafidha. Ibada imekwisha, umekuwa mkate kama mikate mingine."

"Hata ukiwa mkate tu! Sisi tonge likianguka huliokota tukaliweka juu, pasipokanyagwa." Kisha akatabasamu, kwa kuwa alipenda mzaha na hakujua uzito wa alitakalo kusema. "Nami nasikia kwenu hauli mkate huo mtu asiyezamishwa. Haya nambie, kuku wako walizamishwa lini?"

Jedida akacheka. Kicheko chake kikakatika nusu, kwa kuwa nyuma yake kiti cha kamba kililia. Mzee Simeon alikuwa ameinuka. Alikwenda hadi katikati ya ua akiburura miguu, akaishikilia bakora yake, akashuka goti moja, kisha la pili. Akaanza kupapasa mavumbini. Kuku mmoja akamdonoa kidole. Akamsukuma kwa upole. Akakipata kipande, akakipuliza mchanga, akakila. Akapapasa tena.

Ndirangu alitoka chumbani akifungua vifungo vya shati la ibada, akamkuta baba wa mkewe amepiga magoti kati ya kuku.

"Baba! Inuka, baba. Jedida atakuokea mwingine sasa hivi."

"Sina njaa, Baba Thuku."

"Sasa ni nini?"

Mzee hakumjibu mpaka alipokwisha kutafuna. Bi Hafidha alikuwa amejitanda kanga usoni, ameondoka uani pake.

"Nyinyi mwasema ni ukumbusho tu," mzee akasema. "Sivyo?"

"Ndivyo. Mkate ni mkate. Bwana hakuingia ndani ya unga. Twala kwa kumkumbuka, kwa kuwa alituagiza."

"Nami namkumbuka. Nimemkumbuka tangu mama yako hajavunja ungo. Mkono wako wanizuia kukumbuka?"

Ndirangu alimshika kwapani akamwinua, akamrudisha kitini. Mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na wepesi ule ukamtia hofu. Mtu huyu alibakiwa na Jumapili ngapi?

"Iko njia, baba," akasema, akichuchumaa mbele yake. "Bahari hiyo hapo. Kuzamishwa ni kitambo kidogo. Nitakushika mwenyewe."

"Nikizamishwa nitakuwa nimemwambia baba yangu, huko aliko, kwamba alisimama mbele ya Mungu akasema uongo juu yangu. Nimwambie hivyo kwa ajili ya tonge?"

"Basi nitakuwekea kipande kando. Hapana atakayejua."

Mzee akamtazama kwa macho yale ya ukungu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kukasirika. "Ee mutsedza, mkwe wangu! Mkwe aibe ili amlishe mkwewe? Huko kwetu Rabai mkwe hatangulii kula kabla ya baba wa mkewe. Wewe umetangulia, nami nimenyamaza, kwa kuwa nilisema hiyo ni sheria ya nyumba yenu. Usiniongezee na wizi."

Jedida alisimama mlangoni na kapu tupu mkononi, akilia bila sauti.

Kesho yake Ndirangu alikwenda kwa Mchungaji Joram. Mchungaji hakuwa mtu mgumu. Alimkaribisha chai, akamsikiliza hata mwisho, na aliposikia habari ya kuku akakiweka kikombe chini.

"Pole sana, shemasi. Pole kweli. Lakini niambie: juzi tuliwakatalia wazee wawili wa kijiji cha Ganda, nao walilia. Leo mlango ufunguke kwa kuwa anayebisha ni mkweo?"

"Mchungaji, mtu huyu aamini kuliko mimi."

"Sikatai. Meza haipimi imani ya mtu. Hiyo aijua Mungu. Meza ni ya kanisa, na ubatizo ndio kizingiti chake. Hayo si wewe uliyetufundisha?" Akakichukua tena kikombe chake. "Kanisa lake liko mjini. Mchukulie teksi Jumapili, akale kwao kwa heshima zote."

Ndirangu aliyafikisha maneno hayo nyumbani. Mzee akacheka kicheko kikavu. "Binti yangu apike hapa, nami nitafutiwe gari nikale kwa watu? Msalimie mchungaji. Mwambie nyumba ilalapo ndipo nami nilalapo."

Likabaki neno moja, kikao. Mchungaji mwenyewe alisema kuwa amri hii si yake. Kanisa lililofunga laweza kufungua. Ndirangu akalirudisha shauri mbele ya wanachama, akasimama, akasema kwa adabu na kwa machozi. Alipokwisha, mzee mmoja wa kwaya akainuka akamjibu. Hakumtukana. Alimrudishia tu maneno yake ya mwaka jana, moja baada ya jingine, mpaka akafika penye ukuta na kutoboa. Watu hawakupiga makofi safari hii. Mikono iliyoinuka upande wa Ndirangu ilikuwa michache, na mmojawapo ulikuwa wa mkewe.

Ikafika tena Jumapili ya Meza. Asubuhi Ndirangu alimsihi mkwewe apumzike nyumbani, miguu ilikuwa imevimba zaidi. Mzee akavaa kanzu yake nyeupe ya usomaji, akaomba kofia yake, akatangulia njiani.

Alikaa safu ile ile. Sinia lilipofika, mikono yake haikunyooka tena. Ilikuwa juu ya kichwa cha bakora, mmoja juu ya mwingine, imetulia. Ndirangu akapita. Aliona afadhali angenyooshewa mikono. Kitu kilichokuwa kikiulizwa mwezi jana sasa hakikuulizwa.

Alipokwisha kuhudumu alichukua kipande chake, akaenda kuketi kando ya mkwewe. Desturi yao ilikuwa kwamba hapana atakayetia mkate kinywani mpaka wote wawe wamepewa, ili wale kwa pamoja, mkubwa na mdogo, kama mwili mmoja. Mchungaji Joram akausoma usia wa Bwana, akainua kipande chake. Mikono ikainuka kanisani kote.

Mkono wa Ndirangu haukuinuka.

Mchungaji alimwona. Akangoja, akidhani shemasi angali anaomba. Watu wa mbele wakageuza shingo. Mtoto akakohoa, akanyamazishwa. Mkate ulikuwa ukilowa jasho kiganjani mwa Ndirangu, naye akitazama miguu ya mkwewe iliyojaa ndani ya makubazi. Alijua kwamba akiurudisha mkate siniani, ushemasi wake umekwisha leo. Na akiula, amekula mbele ya baba wa mkewe mara ya pili, naye ajua alitendalo.

"Kula, mwanangu," mzee akanong'ona bila kumtazama. "Watu wakungoja wewe. Usiwashindishe na njaa kwa ajili yangu."

Akala. Kanisa likala naye. Ulikuwa unga na chumvi na moto wa jiko la mkewe, mkate kama alivyofundisha daima kuwa ni mkate. Kikombe kidogo cha zabibu kilipokuja akakinywa, macho yangali kwenye makubazi ya mkwewe.

Nyumbani, Jedida alisimama mlango wa jikoni na kapu la masazo. Kuku walikuwa wamekwisha kumzunguka, kwa kuwa waliijua siku yao. Hakuyamwaga. Hakujua ayapeleke wapi. Akamtazama mumewe.

Ndirangu akageukia kiti cha kamba. "Baba," akasema, "kwenu masazo hufanywaje?"

Mzee akamgeuzia uso, kana kwamba apima kama aliyeuliza ana haki ya kujua. "Huliwa na aliyehudumu," akasema. "Papo hapo, hata chembe isibaki. Hayalali wala hayatupwi."

Ndirangu akalipokea kapu. Akasimama katikati ya ua, mahali pale alipomkuta mzee amepiga magoti, akaanza kula. Mkate ulikuwa umekauka kwa joto. Kuku wakamzonga miguuni; akawaacha. Ng'ambo ya ua wa makuti Bi Hafidha alitokeza na beseni la nguo, akaona, akaliweka beseni chini polepole.

Mzee Simeon akaitafuta bakora. Akaisimika, akajikokota juu, akasimama wima. Akavua kofia.

"Keti, baba," Ndirangu akasema, mdomo umejaa. "Miguu yako."

"We kula."

Akaendelea kula. Kipande kikafuata kipande, na koo lake limekauka, wala hapana aliyethubutu kuleta maji. Kilipokwisha cha mwisho aliligeuza kapu kiganjani, akalipigapiga kitako, zikaanguka chembe chache, nazo akazilamba.

Mzee alingoja mpaka mkono ule ushuke. Ndipo akavaa kofia yake, akaketi. Amina haikusemwa na mtu.