Ngozi Kavu

Mwanangu Soud alianguka kwenye mkarafuu msimu wa mwaka juzi. Shingo ikaumia. Miguu haina nguvu, mikono yainuka, lakini vidole vimekufa. Alitaka kitu kimoja tu: ale mwenyewe.

“Mtu mzima na ndevu zangu, naambiwa fungua mdomo!” husema, nami namtilia wali.

Bi Raniya, mtaalamu wa viungo, akatujia hapa Shumba na mashine ndogo ya umeme. Akambandika vibandiko mkononi, akawasha, vidole vikajikunja. Nikapiga takbiri. Akatupa wiki sita. Soud akiweza kuinua kikombe, mashine itabaki. Asipoweza, inakwenda kwa mgonjwa mwingine wa Makoongwe.

Mlangoni, anaondoka, akaniambia, “Bi Mwatima, ngozi iwe safi na kavu.”

Nikaitikia. Uchafu naujua, na mafuta ya habasoda yaliyosomewa Yasini si uchafu. Kila alfajiri nikishasali namsinga mkono kwa mafuta hayo, kisha nambandika.

“Umeme na Yasini, mama! Nitainua hata kinu,” Soud akicheka.

Vidole vikatikisika kidogo, siku zikienda mtikisiko ukapungua. Nikaongeza mafuta.

Wiki ya sita Bi Raniya akarudi. Vibandiko vikateleza, vidole kimya. Akajibandika mwenyewe, vyake vikajikunja pale pale. Akaushika tena mkono wa Soud, akanusa.

“Nani kampaka mafuta?”

“Mimi. Yamesomewa.”

“Yanazuia umeme, Bi Mwatima! Si nilikwambia ngozi kavu?”

Akamwosha kwa sabuni, akambandika upya. Vidole vikakishika kikombe, kikafika kifuani, kikaanguka.

“Mkono ungefanyishwa kazi wiki zote hizi, ungeweza,” Bi Raniya akamwambia polepole.

“Niachie wiki moja tu, dada’angu,” Soud akamwomba.

“Mwenzako keshaambiwa, ananisubiri. Nitakuandika tena kwenye foleni.” Akaanza kukunja waya.

Soud akanigeukia. “Alikwambia, mama?”

“Aliniambia.”

Mchana nikampelekea wali, nikaketi kumlisha.

“Weka chini. Toka.”

Nikatoka, nikasimama nyuma ya pazia. Nikasikia sahani ikiburuzika mkekani, ikagonga ukuta, ikatulia. Kisha nikamsikia anaula wali kwa mdomo humo humo sahanini, anahema, anakohoa, anarudia.

Pazia sikulifunua.