Pua Iliyozoea Klorini

Siku mumewe alipofariki, mjane hakulia mpaka alipofungua bomba la jikoni. Maji yalitoka yakinuka klorini, harufu ile ile iliyokuwa ikitangulia mlangoni kila jioni, imekolea kwenye kola ya shati, kabla mwenyewe hajavua viatu. Aliyaacha maji yakimwagika, akashika sinki kwa mikono miwili.

Marehemu alikuwa mtia dawa kwenye mtambo wa maji. Mtaani walimwita Klorini, naye aliitika. Kazi ilikuwa imeiua pua yake. Glasi ya maji iliyowakunjisha wageni nyuso, yeye aliinusa na kutikisa kichwa.

"Hayanuki dawa haya. Mke wangu, unataka kuniulia watoto?"

"Watoto wanakohoa kwa dawa yako, baba!"

"Wakohoe, lakini wawepo."

Utotoni mumewe alimzika mdogo wake aliyekufa kwa kipindupindu, hivyo mkewe hakubishana sana. Alimtazama akidondoshea jagini dawa ya kichupa chake, kisha akinywa wa kwanza, macho yakicheka juu ya glasi. Msimu wa mvua, maji ya mto yalipogeuka rangi ya chai, matone yaliongezeka.

Baada ya mazishi alikuja mwenzake wa maabara ya mtambo. Wifi mtu, dada wa marehemu, hakumpa hata nafasi ya kukaa vizuri.

"Bwana, tuambie. Saratani ya kibofu ya kaka ilitoka kwenye maji?"

"Hakuna awezaye kuapa. Klorini ikikutana na mabaki ya majani yaliyooza, huzaa kemikali nyingine. Ukizinywa kwa wingi miaka mingi, hatari inaweza kupanda. Lakini sigara nazo alivuta. Na bila klorini, kipindupindu kingetumaliza mapema."

"Na kile kichupa?"

Yule bwana aliinamisha kichwa. "Maji yakifika bombani yameshatiwa dawa. Hayakuhitaji nyongeza."

Mgeni alipoondoka, wifi mtu alimgeukia mjane.

"Nawe umenywea jagi hilo hilo. Mkojo wako ulitoka na damu, ukaniambia ni uchovu. Twende ukapime."

"Nikienda, wifi, nitakuwa nasema ameniua."

"Utakuwa unasema pua yake ilikuwa mbovu, basi! Hilo nani hakulijua? Si ndiye aliyekuwa anakwenda kazini na soksi zile?"

Mjane akaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba. Alimkumbuka mumewe akizinusa soksi na kusema bado nzima kabisa, zinavalika. Alicheka mpaka machozi, na machozi hayakuisha kicheko kilipoisha. Wifi yake alimshika bega, akamwacha alie.

"Hata angekuwepo," alisema mjane mwishowe, "angenisukuma mwenyewe mpaka hospitalini."

"Kwa kelele zake zote."

Kliniki ya magonjwa ya mkojo hupokea wagonjwa Jumatatu. Wifi yake atampitia asubuhi.