Goti la Sajini Ackson

Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla hata ya kunawa uso, Sajini mstaafu Ackson aliketi kitandani kwake kule Nkunga na kupiga simu Ikuti.

"Koplo Jairo!"

"Nipo, afande."

"Umelala?"

"Kidogo."

"Kidogo si haba. Nenda kwenye shamba lako la chai."

Basi, simu inakatwa. Miaka sita mambo yalikuwa hayo hayo, mvua inyeshe isinyeshe, na Rungwe hainyeshi lini? Ackson aliyaanzisha tangu waliporudi kutoka Kongo walikokwenda kulinda amani, Jairo alipogeuka mtu wa kuruka kijiko kikianguka sakafuni. Jairo hakuwahi kuuliza, "Na wewe je, afande?" Ackson hakumpa nafasi ya kuuliza. Mganga hajigangi, na huyu wa Nkunga hakutaka hata ijulikane kwamba anaumwa.

Siku moja simu ilipokelewa na Sekela, mke wa Jairo.

"Shemeji, mama mkwe ametutoka jana jioni. Jairo yuko shambani, hataki kuja nyumbani. Na majirani, shemeji... wamekaa tu. Hakuna anayechimba."

Ackson hakuhitaji maelezo. Kule kwao unaweza kukosa harusi, ubatizo, hata mkutano wa kijiji, na watu wakakusamehe. Kaburi, hapana. Jirani akifa unabeba jembe, unaingia shimoni kwa zamu, nao wataingia lako siku yako. Jairo tangu arudi hakuwa amechimba hata moja. Msibani alikuja, lakini akisikia jembe la kwanza likigonga udongo, huyo, anaondoka. Watu wakasema anaringa, kana kwamba Kongo ni Ulaya. Hakujitetea. Angesema nini? Kwamba handaki liliwaporomokea, yeye na Ackson wakafukua kwa kucha wakimtafuta mwenzao Lugano, na walipomfikia mwili ulikuwa na joto bado ila pumzi haipo? Maneno kama hayo humwambii mtu mnayekunywa naye kilabuni.

Ackson naye hakuwahi kuchimba. Lakini Ackson mjanja, alikuwa na goti. Alirudi na kovu dogo gotini, akalichechemelea vizuri, na kila msiba watu wa Nkunga wakamwambia, "Kaa, afande, pumzisha goti." Lile goti lilikuwa zima kama la mbuzi. Mkewe Felista alilijua hilo, lakini Felista alikwenda Mbeya kwa watoto mwaka wa pili, amechoka kulala na mtu anayepiga kuta usingizini, na hakurudi tena.

Ackson alichukua jembe na koleo, akapanda pikipiki. Ikuti alikuta wanawake wanalia ndani, wanaume wamejaa kwenye mabenchi chini ya turubai, kimya. Kwenye migomba nyuma ya nyumba kulikuwa na vigingi vinne vilivyopima kaburi, na katikati yake majani hayajaguswa.

"Ndaga fijo kwa kuja, afande," alisema Mzee Anyosisye, mkubwa wa kitongoji. "Asante sana. Lakini sisi tunamchimbia anayetuchimbia."

"Mama naye amewakosea nini?"

"Mama hana kosa. Hakuna msiba hapa ambao hakuupikia, ndiyo maana unatuona tumekaa. Mwanawe aje atwambie tulimkosea nini."

Jairo alikuwa amechuchumaa katikati ya chai, amelowa mpaka mifupani, anaitazama mikono yake.

"Afande, siwezi."

"Nani kakwambia uweze? Nitachimba mimi. Wewe njoo usimame kwenye mgomba, unitazame tu. Mimi nilishapona."

Jairo akamfuata mpaka kwenye migomba. Ackson akavua koti, akaanza. Mpaka magotini, kazi ilikwenda. Mpaka kiunoni alikuwa anahema, lakini jembe linapanda na kushuka, na wanaume pale kwenye mabenchi wameanza kutazamana kwa aibu. Kisha mvua ikazidi. Upande mmoja wa shimo ukamomonyoka, udongo mweusi, laini, ukamwangukia miguuni na kuifunika.

Jembe likamtoka. Ackson alipiga magoti akaanza kuparura ule udongo kwa kucha, haraka haraka, huku anaita, "Lugano! Lugano, nakuja!" Wale wanaume walidhani ana ndugu yake wa jina hilo, wakageuka kumtafuta. Aliyejua ni mmoja tu.

Jairo hakukumbuka kwamba hawezi. Aliruka shimoni akamkumbatia kutoka nyuma, akambana mikono.

"Sajini Ackson! Tuko Ikuti. Ile pale ni migomba. Tunamzika mama yangu. Lugano tulishamtoa, afande, tulishamtoa."

Ackson aliacha kuparura.

"Kumbe na wewe," alisema Jairo.

Alimsukuma mpaka juu, yeye akabaki chini. Akaokota jembe, akachimba huku analia kwa sauti, bila kumtazama mtu. "Rafiki yetu alifia kwenye udongo! Mnasikia? Ndiyo maana nilikuwa nakimbia! Sijamringia mtu hapa!"

Mzee Anyosisye alisimama, fimbo ikamwanguka. Kwao ni mwiko mtoto kumchimbia mzazi wake kaburi wakati majirani wapo, na wao walikuwepo, zaidi ya thelathini.

"Toka, mwanangu," alisema. "Toka humo. Ni kazi yetu." Na vijana walikuwa wameshavua mashati.

Walimzika mama kabla ya saa kumi jioni, na Jairo alisimama pale mpaka koleo la mwisho. Ackson alirudi Nkunga peke yake. Hakuna aliyemuuliza habari ya goti.

Kesho yake saa kumi na mbili alikaa kitandani, simu mkononi, asipige. Aliona aibu. Angemuuliza nani tena kama amelala, baada ya kuonekana vile? Nyumba ilikuwa kimya, na upande wa Felista shuka lilikuwa limenyooka kama lilivyonyooka miaka minne.

Simu ikaita.

"Sajini Ackson!"

Miaka sita yote hakuna mtu aliyewahi kumpigia asubuhi na kuliita jina lake, na hakuwa amejua jinsi alivyokuwa akilisubiri.

"Nipo," alisema.

"Umelala?"

Ulimi ulishatayarisha "vizuri sana". Akaumeza.

"Sijalala, Jairo," alisema. "Tangu Kongo, sijalala."